Kuchukua seli za uvimbe wa shingo kwa sindano nyembamba, hatua kwa hatua

Sindano ikiingia vizuri halafu slaidi (kioo chembamba cha kupakia seli) ikaharibika, mgonjwa kachomwa bure. Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye slaidi.

1. Papasa kwanza. Uvimbe unaodunda usiuchome. Huenda umeota kwenye ateri kubwa ya shingo, hivyo omba picha kwanza. Uliza kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Chungulia kinywa na koo pia, maana saratani ya huko mara nyingi hujionyesha kwanza kwenye tezi za shingo.

2. Andaa kila kitu kabla ya kuchoma. Andika jina kwenye slaidi kwa penseli, kwa sababu wino hufutika kwenye alkoholi. Chombo cha alkoholi ya asilimia 95 kiwe wazi, karibu na mkono. Sindano namba 23 au 25 na bomba la mililita 10 vinatosha.

3. Safisha ngozi, ubane uvimbe kwa vidole viwili, umwombe mgonjwa asimeze mate wala kusema. Ingiza sindano, vuta bomba, kisha isogeze mbele na nyuma ndani ya uvimbe. Achia mvuto kabla ya kuichomoa, la sivyo seli zitarukia ndani ya bomba. Kwa thairoidi (tezi ya mbele ya shingo) mimi huchoma bila kuvuta kabisa. Damu huwa kidogo. Kandamiza mahali hapo dakika chache.

4. Sasa slaidi, na hapa usipoteze hata sekunde. Tenga sindano, jaza bomba hewa, rudisha sindano, dondosha tone dogo. Laza slaidi ya pili juu yake uiteleze taratibu; ukikandamiza, seli hupasuka. Slaidi moja itumbukize kwenye alkoholi papo hapo kwa ajili ya rangi ya Papanicolaou, inayoonyesha viini vya seli. Ikikauka kabla ya kuingia, viini vya seli huvimba na kufifia, na msomaji wa hadubini hawezi kuviamini tena. Nyingine iache ikauke kabisa hewani kwa ajili ya rangi nyingine, Giemsa.

Ukipata usaha, usiutupe: upeleke upimwe kifua kikuu. Ukipata maji, yanyonye yote, papasa tena, kisha choma sehemu ngumu iliyobaki. Kwa mtu mzima, uvimbe wa maji shingoni unaweza kuficha saratani iliyosambaa kutoka kwenye tonsili.

5. Kwenye fomu andika umri, mahali hasa penye uvimbe, muda wake na maradhi ya nyuma.

6. Soma jibu ukiwa na mgonjwa mbele yako. "Hakuna seli za saratani" haina maana kwamba hana saratani. Limfoma (saratani ya tezi za limfu) mara nyingi huhitaji tezi nzima itolewe ili mpangilio wake uonekane. Uvimbe wa folikuli (vifuko vidogo) wa thairoidi nao, seli pekee haziwezi kusema kama ni saratani, kwani dalili ya saratani hapo ni uvimbe kupenya ganda lake. Slaidi ikiwa na damu tupu, rudia, ikiwezekana ukiongozwa na ultrasaundi.