Kichwa cha tangazo: andika kile mteja anachotafuta

Anayetafuta laptop kwenye masoko ya mtandaoni kama Jiji, Kupatana au Facebook Marketplace haandiki "laptop kali bei poa". Anaandika "elitebook 840" au "laptop i5", kisha anapitisha kidole haraka haraka. Kwa hiyo kichwa cha tangazo kina kazi mbili tu: kibebe maneno atakayoandika, na kimwoneshe kabla hajafungua kwamba kitu hiki ndicho au sicho. Maneno ya kusifia, usafiri na "maelewano yapo" vina nafasi yake kule chini kwenye maelezo.

Kabla hujaandika chochote, kishike kitu chenyewe usome lebo yake. Kwa simu, ingia Settings, kisha About phone, unakili jina na namba ya modeli kama zilivyo. Galaxy A14 na Galaxy A14 5G ni simu mbili tofauti: namba ya ile ya kawaida huanza na SM-A145, ya 5G huanza na SM-A146. Ukiacha "5G" unajipunja; ukiiongeza isipokuwepo, mteja atakuja, ataangalia, ataondoka. Lebo ya TV iko mgongoni, ya friji mara nyingi iko ndani ubavuni, karibu na droo ya mboga, na hapo ndipo utakuta lita. Usipime TV pamoja na fremu. Inchi zake ni za kioo peke yake, kutoka kona moja hadi kona ya mkabala.

Tuchukue laptop moja. Wengi wangeandika hivi:

"LAPTOP HP NZURI SANA INAUZWA HARAKA!!!"

Humo maneno yanayotafutwa ni mawili, laptop na HP, na yako kwenye matangazo mengine lukuki. Sasa soma hiki:

"HP EliteBook 840 G5, Core i5-8350U, RAM 8GB, SSD 256GB, inchi 14"

Ni herufi 64 ukihesabu na nafasi, na hakuna neno la kutupa. Hiyo G5 ndiyo inayobeba bei. EliteBook 840 G3 hutumia prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel za kizazi cha 6, G4 nyingi za kizazi cha 7, na G5 nyingi zina kizazi cha 8, ambacho ndicho Windows 11 inaanzia kukikubali rasmi kwa prosesa nyingi za Intel. Mnunuzi anayejua hilo anatafuta "G5" moja kwa moja. Ila kuna G5 zilizotoka na kizazi cha 7, ndiyo maana namba nzima ya prosesa inaandikwa: kwa prosesa hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, hapa 8, ndiyo kizazi. Neno "Core" nalo libaki, kwa sababu kuna wanaoandika "core i5" wanapotafuta. SSD (diski ya kasi) usiichanganye na HDD (diski ya zamani inayozunguka), na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) usiichanganye na ukubwa wa diski. "Laptop ya 256" haimwambii mtu kitu.

Mpangilio una sababu. Kwenye simu, kichwa kirefu hukatwa mkia, kwa hiyo maneno manne au matano ya mwanzo lazima yatoshe yenyewe. Kwa vitu vya kiwandani anza na chapa, kisha modeli, kipimo, halafu hali. Kwa kazi ya fundi hakuna chapa inayotafutwa, kwa hiyo aina ya kitu itangulie: "Kabati la nguo milango 3, mninga, urefu futi 6". Godoro ndilo rahisi kuliko vyote na bado watu hulikosea: wanataja 5x6 bila unene. Inchi 6 na inchi 10 ni bei mbili tofauti kabisa. Nguo za kushona, taja kifua kwa inchi. Saizi 12 ya Uingereza na 12 ya Marekani si nguo moja.

Kuhusu hali, "mpya" iwe ya boksi ambalo halijafunguliwa, basi. Vingine andika "imetumika". Kasoro inayogusa bei iweke kichwani hapo hapo, usiifiche: "Tecno Spark 10, 128GB, kioo kimepasuka" itawaleta mafundi wanaotafuta simu kama hiyo, na itakuepusha na watu kumi wa kubishana nao mlangoni. (Ujumbe wa "bado ipo?" hauna dawa. Utakuja tu.)

Je, friji au fridge? Sofa au kochi? Fungua sehemu ya kutafutia ya soko unalouzia, andika herufi tatu nne za mwanzo, uone inapendekeza nini. Neno linalojitokeza juu litumie kwenye kichwa, lile jingine lichomeke kwenye maelezo. Usiyapange yote mawili matatu kichwani; yanakula nafasi ya lita.

Bei isiingie kwenye kichwa, ina sehemu yake. Ukishusha bei kesho ukasahau kichwa, utakuwa na bei mbili na mteja atashikilia ya chini. Namba ya simu nayo iache, masoko mengi huizuia. Majina ya chapa za watu, kama "aina ya Nike" au "kama iPhone", yanaweza kufanya tangazo liondolewe, na neno "original" kwenye kitu kisicho halisi ni udanganyifu hata kama jirani yako anaandika hivyo. Kwa wanaouza nje ya nchi, eBay huruhusu herufi 80 na Etsy 140. Hiyo ni dari, hulazimiki kuifikia.

Tangazo likishapanda, chukua simu ya mtu mwingine utafute kama mteja. Usipojiona, kichwa kina upungufu wa neno, au kundi la bidhaa ulilochagua si lake. Baada ya siku chache tazama takwimu. Waliofungua wachache: rekebisha kichwa au picha ya kwanza. Waliofungua wengi lakini hakuna anayeuliza: kichwa kimefanya kazi yake, angalia bei. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichosaidia. Na hariri tangazo lile lile. Kupandisha la pili la bidhaa ile ile mara nyingi huhesabiwa marudio na huweza kufutwa. Kitu kikiuzwa, weka alama ya kuuzwa, na bidhaa nyingine uiandikie tangazo lake jipya.