Bajeti ya jeshi: mbunge wako mshikie hapa

Nauza mandazi Lanet, Nakuru. Mume wangu alistaafu jeshini. Kambi tuliyoishi zamani, nisiyoitaja, paa lilivuja juu ya kitanda cha mtoto. Karai lilikaa pale misimu miwili ya mvua. Nikamlalamikia mbunge kwenye matanga. Kosa! Nilipewa pole na mia tano.

Mbunge hana mfuko wa ulinzi. Ana kura, na sauti kwenye kamati. Mfuate kwa kalenda: Taarifa ya Sera ya Bajeti hutakiwa Bungeni kufikia 15 Februari, makadirio ya matumizi ya serikali kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ukienda Juni, chungu kimeshaepuliwa.

Andika ukurasa mmoja kwa Karani wa Bunge la Taifa, nakala kwa mbunge. Kifungu cha 221 cha Katiba kinaitaka kamati ya Bunge hilo itafute maoni ya wananchi kuhusu makadirio. Usiandike "tusaidiwe". Andika nyumba ngapi zinavuja, tangu lini, mabati mangapi yatatosha. Idadi ya askari usiiguse kabisa.

Darasa la shule ya umma nje ya kambi? Hilo ulizia NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Na nakala yako igongwe muhuri kabla hujatoka ofisini.