Kabla Hujatuma Pesa za Ukungu Mweusi Nairobi

Nianze na hesabu yangu, usije ukadhani nayatoa haya vitabuni: Sh185,000. Nilizituma kutoka Bolton kwa awamu mbili, ya kwanza nikiwa ndani ya basi nikitoka zamu ya usiku. Nyumba yangu ya upande wa South B, orofa ya juu kabisa, ilikuwa imeota ukungu mweusi darini na kwenye ukuta wa chumba cha watoto. Nikaambiwa wataalamu wameushughulikia. Wiki tisa baadaye mpangaji akanitumia picha: doa limerudi palepale, tena limenenepa.

Kama uko ughaibuni na una nyumba Nairobi, hapa kwenye habari za kupima soma polepole. Ndipo niliponyolewa bila maji. Mengine utayamaliza kwa simu mbili.

Mpangaji wangu ni mama mwenye mtoto wa pumu. Alimwambia keateka, keateka akamwambia binamu yangu anayeniangalizia nyumba, naye binamu akatafuta kampuni mtandaoni. Kampuni ikasema inapima hewa bure. Mnawajua watu wetu na neno "bure". Wakaja vijana watatu wamevaa mavazi meupe ya kujifunika kichwa hadi mguu, glavu, barakoa, na mmoja ameshika kidude chenye kioo. Binamu akanipigia akinong'ona: "Kaka, hawa ni watu wa kazi kweli." Saa mbili baadaye ripoti ilikuwa kwenye simu yangu. Kurasa nne, nembo, na neno Stachybotrys, jina la aina moja ya ukungu, kwa wino mwekundu, likifuatwa na onyo kwamba kila usiku mtoto anaolala mle ni hatari kwa mapafu yake. Nitauliza nini tena? Nilituma asilimia 70 kabla sijashuka kwenye basi.

Kidude kile, nilikuja kujua, kinahesabu chembe zilizo hewani na kusoma unyevu. Vumbi la barabarani ni chembe. Moshi wa jiko la jirani ni chembe. Hakuna kidude cha kushika mkononi kinachonusa chumba na kukutajia aina ya ukungu. Ili jina lipatikane, lazima sampuli ichukuliwe, kwa utepe wa gundi au kipande cha dari chenyewe, ipelekwe maabara, mtu aitazame kwa hadubini au aioteshe. Kuotesha ni kazi ya siku kadhaa. Saa mbili ni muda wa kuandika ripoti tu, na yangu nadhani ilikuwa imeandikwa kabla hawajapanda ngazi.

Kuna jambo lingine. Huo Stachybotrys chartarum, unaoitwa ukungu mweusi wenye sumu, upo kweli, lakini mbegu zake zikiwa mbichi hunata, hazipeperuki ovyo. Kipimo cha hewa kinaweza kuukosa hata kama umejaa darini. Tena unapenda vitu vya karatasi na mbao vilivyolowa muda mrefu, kama ile karatasi inayofunika ubao wa jipsamu. Ukuta wa jiwe la Ndarugo uliopigwa plasta na rangi si chakula chake. Na rangi nyeusi haitoshi kuutambulisha, maana Cladosporium nao huonekana mweusi, na Aspergillus niger umebeba weusi huo hadi kwenye jina lake la Kilatini. Ukiletewa picha ya doa jeusi na mtu akakutajia aina kwa macho, huyo anabahatisha kwa pesa zako.

Na hata ungelijua jina, lingekusaidia nini? CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inasema kwa kawaida hakuna haja ya kupima aina ya ukungu: ukiuona, uondoe, na uzibe maji yanayoulisha. Hofu ya "sumu" ilipanda sana baada ya watoto wachanga kadhaa wa Cleveland kuvuja damu mapafuni mwaka 1993 na 1994. CDC hiyohiyo ilitaja uwezekano wa kuhusiana na Stachybotrys, kisha mwaka 2000 ikapitia upya kazi yake na kusema uhusiano huo haukuthibitishwa. Simaanishi ukungu ni mapambo. Unachochea pumu na mafua ya mzio, na mwenye kinga dhaifu asikae nao kabisa. Mtoto wa mpangaji wangu alikuwa anakohoa kweli, na kikohozi chake hakikungoja Kilatini.

Kwa hiyo sikiliza, nitalirudia hata ukichoka: anayepima asiwe ndiye anayeuza dawa. Jimbo la Texas hutoa leseni kwa watu wa kazi hii, na sheria yake inamkataza aliyetathmini ukungu kuuondoa katika mradi uleule. Waliona mtego huo wakauwekea uzio. Kwetu Kenya uzio ni akili yako. Binamu yangu alitulia alipoonyeshwa cheti cha NCA, mamlaka ya ujenzi ya Kenya. Cheti hicho kinasema mtu ni mkandarasi wa ujenzi aliyesajiliwa. Hakisemi anajua ukungu.

Walichofanya kwa Sh185,000 ni hiki: walifukiza dawa chumba kizima, wakafuta kuta, wakapaka rangi waliyoiita ya kuzuia ukungu, wakanitumia video yenye muziki. Ukuta mweupe kama maziwa. Nikatuma salio. Ndugu yangu, ukuta mweupe si ukuta mkavu! Video haina unyevu, wala haina harufu. Na ukungu uliouawa ukaachwa mahali pake bado unamsumbua mwenye mzio, kwa hiyo kuua peke yake hakusaidii. Lazima utolewe, utoke nje ya nyumba, na kilichoulisha kikome.

Nacho kilichoulisha alikuwa anakijua mtu mmoja tu, ambaye hakuna aliyemuuliza. Siku niliyompigia mpangaji mwenyewe, bila binamu katikati, nilimuuliza, "Dada, hili doa huzidi lini?" Akajibu bila hata kufikiri: "Siku za maji." Mgao wa maji kwao ni siku mbili kwa wiki. Siku hizo tangi la juu ya jengo linajaa, boya la kufunga maji lilikuwa limevunjika, maji yanamwagika juu ya slabu usiku kucha, na lami ya kuzuia maji ilikuwa imepasuka kama midomo ya Julai. Maji yanazama, yanatua kwenye dari yangu ya jipsamu. Boya jipya halikufika Sh2,000.

Nina aibu moja ya kukiri. Kampuni ile ilisema pia kwamba kosa ni la mpangaji, eti anaanika nguo ndani na kupika bila kufungua dirisha. Nami nikamtumia ujumbe wa kumkanya. Mimi! Mtu ambaye huku Bolton nimeambiwa maneno hayohayo na mwenye nyumba wangu, kwa sauti ya upole na neno "samahani" mara tatu. Waingereza wanaomba radhi ukiwakanyaga wewe, lakini ukuta wao ukitokwa jasho kosa ni jinsi unavyoishi: unaoga sana, unachemsha sana, unapumua sana. Umbali mfupi kutoka kwangu, Rochdale, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba chanzo kilikuwa ukungu wa nyumba yao ya kupanga. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017. Wao nao walikuwa wameambiwa ni mtindo wao wa maisha. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilianza kutumika Oktoba 2025, na mashirika ya nyumba za umma za Uingereza sasa yana siku 10 za kazi za kuchunguza unyevu wa hatari. Sisi tunaopanga kwa watu binafsi bado tunangoja. Nililijua hili lote, na bado nikamkemea mama wa watu South B. Nilimwomba msamaha, na kodi ya mwezi mmoja sikuichukua.

Turudi kazini. Kabla ya kampuni yoyote kutia mguu, mtume ndugu yako afanye mambo matatu asiyohitaji kulipwa. Amuulize mpangaji doa huzidi lini: mvua, siku za maji, au jirani wa juu anapooga. Afunge mabomba yote usiku na kusoma mita ya maji, asubuhi aisome tena. Ikiwa imesonga, kuna paipu inayovuja. Na abandike karatasi ya plastiki ya ukubwa wa gazeti ukutani, kingo zote nne kwa utepe, aiache siku mbili. Ikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ikilowa upande wa chumbani, ni mvuke wa chumba, na hapo ndipo habari ya madirisha inapokuwa na maana, hasa Juni hadi Agosti Nairobi inapokaa baridi na kila mtu amejifungia. Mwambie akutumie picha ya mita, si maneno "iko sawa". Ndugu zetu wana mioyo mizuri, ila kwao "iko sawa" ni salamu.

Ukishajua maji yanatoka wapi, jua pia ni ya nani. Chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, paa ni mali ya pamoja, jukumu la shirika la wamiliki. Usilipe kusafisha dari yako kila msimu huku paa la wote linavuja. Andika barua, ambatanisha picha zenye tarehe.

Kazi yenyewe ya kuondoa haina uchawi. EPA, shirika la mazingira la Marekani, inasema eneo lisilozidi takriban mita moja ya mraba mwenye nyumba anaweza kulisafisha mwenyewe: barakoa ya N95, glavu, miwani, sabuni na maji, kisha kukausha kabisa. Jik haihitajiki, na kwenye jipsamu inaweza kupausha doa huku mizizi ikibaki ndani. Na kwa jina la Mungu wasiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, hewa yake inaua.

Eneo kubwa ndilo la wataalamu, nao utawajua kwa maswali yao. Mtaalamu huanza na maji. Kisha anafunga chumba kwa plastiki nzito, anaweka feni inayovuta hewa kwenda nje ili vumbi lisiingie sebuleni, anakata jipsamu iliyolowa na kuivuka kidogo, anaitia kwenye mifuko miwili miwili kabla ya kuipitisha koridoni. Kuta ngumu zinasuguliwa, halafu chumba kizima kinapitiwa kwa kivuta vumbi chenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa chembe ndogo sana. Soma tovuti za Kimarekani kwa tahadhari: wanabomoa kuta kwa sababu kuta zao ni ubao na karatasi. Zetu ni mawe. Mtu akitaka kukubomolea ukuta wa jiwe kwa sababu ya ukungu wa juujuu, mwonyeshe mlango. Dari ya jipsamu iliyooza, hiyo usiionee huruma. Mpangaji na mtoto wahame siku za kukata, nawe ulipe walikolala.

Sasa malipo, mahali pa pili niliponyolewa. Usitoe asilimia 70 mwanzo. Mimi sasa natoa theluthi ya kuanza. Theluthi ya pili chumba kikiwa kimekatwa na kuonekana kitupu kwenye simu ya video ya moja kwa moja, si rekodi. Ya mwisho baada ya kipima unyevu cha sindano kugusishwa ukutani nikiangalia, sehemu iliyokuwa na doa na sehemu iliyokuwa kavu tangu awali, namba zikikaribiana. Na rangi isipakwe hadi siku za maji zipite mara kadhaa, au mvua moja kubwa. Fundi atalalamika. Mwache alalamike. Rangi ndiyo inayoficha, na anayeharakisha kupaka ana anachoficha. Anayepima asiwe anayeuza, anayepaka asiharakishe. Nimesema nitarudia.

Mara ya pili sikutafuta kampuni. Fundi wa mabomba alibadilisha boya, shirika la wamiliki likalipia lami mpya ya paa baada ya barua mbili, na fundi wa jipsamu aliyekubali masharti yangu akakata nusu ya dari. Ile kampuni ya mavazi meupe ilinijibu kwamba dhamana yao haihusu "unyevu mpya". Gharama ya dari bado navutana nayo na shirika, barua ya tatu imeondoka Jumatatu. Dari imekaa bila rangi, kijivu, wiki ya sita sasa. Mpangaji anaiona mbaya. Binamu naye kila siku ya maji hupanda juu ya jengo na kunitumia picha ya tangi, bila neno lolote.