Muhimbili au Bugando: tulivyopima vyuo viwili vya udaktari tukiwa Ujiji

Mimi si daktari. Nanunua dagaa Kibirizi, hapa kwetu Kigoma, nawapeleka Dar, na shule niliishia darasa la saba. Ila binti yangu alipomaliza kidato cha sita na PCB yake (fizikia, kemia, biolojia) akachaguliwa udaktari vyuo viwili kwa mpigo, MUHAS pale Muhimbili, Dar, na CUHAS pale Bugando, Mwanza, kazi ya kupima ilinikuta mimi. Tangu hapo wazazi wenzangu hunisimamisha njiani: baba fulani, ninyi mlifanyaje? Nimechoka kurudia, naandika.

Jueni kwanza kwamba muda ni mfupi. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri kwenye simu, na lazima athibitishe chuo kimoja kabla ya tarehe ya mwisho ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Majibu ya mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, nayo hutoka kwa awamu, na yanaweza kukukuta umeshathibitisha. Unachagua chuo hujui utapewa mkopo kiasi gani. Basi msisubiri namba ya siri ndipo muanze kuulizana. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, anzeni siku hiyo hiyo.

Gunia la dagaa hulinunui kwa kutazama juu. Juu muuzaji kapanga wale weupe, wakavu, wanaong'aa. Unakunja shati, unatia mkono mpaka chini, unachota, unanusa. Vyuo nilivipima hivyo hivyo.

Jina la chuo sikulipa uzito. Shule ya udaktari ya Dar ilianza 1963, ya Bugando ilianza 2003, na kwa ukongwe huo watu hujigamba sana. Lakini zote zinatambuliwa, zote ni miaka mitano, na baada ya hapo kila mhitimu anakwenda utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, mwaka mmoja, hospitali anapangiwa na Wizara ya Afya. Aliyesoma Dar anaweza kupangiwa mkoa ambao hajawahi kuukanyaga. Chuo kikiwa hakimo kwenye orodha ya TCU, hapo hata msipoteze nauli. Jirani yangu alimlipa ajenti ampeleke kijana wake nje kusomea udaktari, na leo simu ya ajenti haipatikani.

Kitu nilichotia mkono mpaka chini ni hospitali. Mwanafunzi wa udaktari kuanzia mwaka wa tatu darasa lake ni wodi. Bugando sikuhitaji kuhadithiwa: sisi wa Kigoma mgonjwa akishindikana Maweni, hospitali yetu ya mkoa, anaweza kuandikiwa rufaa ya huko, na mama yangu nilimuuguza pale kilimani siku kumi na nane. Nililala kwenye kanga nje, nikawaona vijana wenye makoti meupe wakipita. Wagonjwa wanatoka Geita, Mara, Kagera, Simiyu, Kanda ya Ziwa nzima. Muhimbili nayo ni hospitali ya taifa, na uwanja huo huo una taasisi ya mifupa, MOI, na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete. Hakuna wa kumwambia mwenzake hana wagonjwa.

Basi uliza swali la pili. Nilipopeleka mzigo Kariakoo nilikwenda kukaa kwa mama ntilie karibu na Muhimbili saa za mchana, nikaagiza wali maharage, nikawauliza vijana wawili wa mwaka wa nne: "Raundi ya asubuhi, mnasimama wangapi kwenye kitanda kimoja?" Wakatazamana, wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mzee, usiulize asubuhi. Asubuhi wa nyuma anaona migongo ya wenzake. Uliza usiku, kwenye zamu, ndiyo unashika mgonjwa." Nilimpigia mtoto wa rafiki yangu aliyekuwa Bugando, naye akajibu karibu maneno yale yale. Hapo ndipo nilipojua cha kutafuta: binti yangu atalala wapi usiku wa zamu, na atarudije. Swali hilo kwenye karatasi za chuo halimo.

Na hapa nawaonya juu ya nyumba ya ndugu. Dada yangu anakaa Chanika, pembezoni mwa Dar. Aliposikia Muhimbili alipiga vigelegele, chumba kipo, mtoto asipange. Sikukataa wala sikukubali. Nikalala kwake, nikaamka saa kumi na moja kasorobo, nikatoka kama mwanafunzi, na begi mgongoni nimeweka matofali mawili yawe vitabu. Daladala ya kwanza ilijaa, ya pili nikasimama. Gongo la Mboto nikaunga. Nimefika geti la Muhimbili saa mbili kasoro dakika tano, shati limelowa, na raundi, nilivyoelezwa na wale vijana, imeshaanza. Halafu jioni urudi, ukute vyombo vinakusubiri, maana mtoto wa kaka hakai bure. Pima safari kwa mguu wako mwenyewe, kwa saa zile zile atakazosafiri mtoto. Ramani ya simu haina foleni ya Gongo la Mboto.

Hela nizungumze haraka, kwa sababu hesabu yake si ngumu, watu wanaiogopa tu. Chukueni maelekezo ya kujiunga ya kila chuo, yale yenye ada za mwaka huu, msitegemee aliyesoma zamani. Andikeni ada, kisha vile vidogo vidogo: bima ya afya ya NHIF 50,400 kama hana, ile ada ya TCU 20,000, koti, stetoskopu, chumba. Tofauti ya vyuo viwili izidisheni mara tano. MUHAS ni cha serikali, Bugando ni cha maaskofu Wakatoliki, ada hazilingani, na kwetu tofauti ikizidishwa ilitosha kununua boti ya mbao na injini yake. Bumu, ile hela ya chakula na malazi, tuliihesabu 10,000 kwa siku, lakini niliandika hesabu mbili: ya kupata mkopo na ya kukosa. Nilichagua kwa ile ya kukosa.

Umbali ulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Kwenda Mwanza wakati ule tulivuka Busisi kwa pantoni, na ilikuwa mwendo wa kutwa nzima. Leo daraja lipo, tangu 2025, mambo ni mepesi zaidi. Dar kwa treni ni kilomita 1,250 na ushee. Mama yake alisema Bugando angalau akiumwa tutafika kesho yake. Ni neno zito, nililiandika kwenye daftari upande wa Bugando na sikulifuta.

Bibi yake aliuliza kama chuo cha maaskofu kitamlazimisha misa. Yule kijana wa rafiki yangu ni Mwislamu, alicheka mpaka akakohoa, akasema Ijumaa anaswali mjini kama kawaida. Swali likafungwa. (Bibi alikuwa na la pili, kwamba Mwanza atalishwa dagaa wenye mchanga. Hilo sikumjibu.)

Jioni ya mwisho nilimpa binti daftari, nikatoka nje. Hili lazima afanye mwenyewe, kwa sababu usiku wa zamu atakuwa peke yake. Akachagua Muhimbili, kwa sharti lake: haishi Chanika. Mwaka wa kwanza alipata hosteli, wa pili akapanga chumba Magomeni na wenzake wawili, kodi wanagawana.

Shangazi yake alinuna miezi minne. Nikaanza kutuma dagaa kwa treni, sado mbili kila mwezi. Moja ya chumba cha Magomeni, moja ya Chanika, na binti ndiye anayeipeleka Jumapili, anakula huko, anarudi kabla ya giza.