Kwaya ya abiria kwenye meli ya kitalii: namna ya kujiunga, kwa waimbaji wa Mtwara na Lindi

Siku hizi si ajabu kumkuta mzazi wa Masasi au Nachingwea ambaye mwanawe yuko Uingereza au Kanada, na amemkatia tiketi ya meli ya kitalii kama zawadi ya kustaafu. Mzee anapanda, siku mbili anazunguka na kushangaa, ya tatu anachoka na kukaa sebuleni akisubiri chakula cha mchana. Kumbe ghorofa ya juu yake kuna abiria wenzake wanafanya mazoezi ya kwaya, na yeye ameimba besi kanisani tangu ujana. Huyo ndiye ninayemwandikia. Nimefundisha kwaya hapa Mtwara, na nimewahi kukaa kwenye kinanda cha mazoezi ya kwaya za abiria, kwa hiyo nawajua waimbaji wetu na ninajua kiongozi wa melini anataka nini.

Kwaya ya abiria ni ya kujitolea. Hulipii, hufanyiwi usaili, wala hakuna atakayekuuliza umeimba wapi. Inaongozwa na mtu wa idara ya burudani ya meli au msanii mwalikwa, inafanya mazoezi machache, kisha inaimba mbele ya abiria wengine safari inapokaribia mwisho.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kulipa

Si kila meli ina kwaya. Inahitaji siku za bahari, yaani siku ambazo meli inatembea mchana kutwa bila kutia nanga, maana hizo ndizo siku ambazo abiria wote wako ndani. Safari ya siku nne inayoshusha watu kila asubuhi haina nafasi ya mazoezi. Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, kwa mfano, kwa kawaida huvuka kutoka Southampton, Uingereza, hadi New York kwa usiku saba bila kusimama popote. Safari ya namna hiyo ina muda wa kutosha. Zile meli ndogo zinazoleta watalii kuangalia magofu ya Kilwa Kisiwani ni za msafara wa kutalii nchi kavu, usizitegemee kwa uimbaji.

Anayekukatia tiketi aulize kampuni maswali mawili: kuna siku ngapi za bahari, na je, kwaya ya abiria ipo kwenye safari hii hii? Jibu la "huwa ipo" lisikutoshe.

Hatua ya 2: Karatasi

Hapa sitakaa sana. Ila angalia viza kwa makini: meli ikitoka Barcelona, ikapita Tangier, Moroko, na kurudi Barcelona, umetoka Ulaya na kuingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja itakukwamisha. Kampuni ina haki ya kukukatalia kupanda.

Kabla hujaondoka, pakua nyimbo za kufanyia mazoezi ya sauti ukiwa bado nchi kavu. Intaneti ya baharini ni ghali, na mtandao wa simu wa melini ni ghali zaidi. Weka simu kwenye hali ya ndege mara meli inapong'oa nanga, la sivyo bili itakukuta Mtwara.

Hatua ya 3: Tafuta ratiba, na ifuate saa ya meli

Kila jioni utaletewa chumbani karatasi ya ratiba ya kesho, au utaikuta kwenye programu ya simu ya meli. Tafuta neno "choir" kwenye siku ya kwanza ya bahari. Usipoliona, nenda mapokezi au kwa dawati la burudani ukaulize. Meli nyingine huanzisha kwaya wakiona watu wanaiulizia.

Jambo moja huwapoteza wengi. Meli ikielekea magharibi, saa hurudishwa nyuma usiku, saa moja kwa wakati, na kati ya Southampton na New York jumla inafika saa tano. Simu yako ikiwa kwenye hali ya ndege haijui habari hizo. Weka saa ya mkononi na uirekebishe kila tangazo linapotolewa. Na ratiba ikisema 10:00, ni saa nne asubuhi. Nimeona mtu mzima na akili zake anafika saa kumi jioni amevaa vizuri, ukumbi mtupu.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, chagua sauti bila kiburi

Kiongozi atawapanga kwa sauti: soprano, alto, tena (sauti ya juu ya wanaume) na besi. Kwaya nyingine za abiria huimba sauti mbili au tatu tu kwa sababu muda ni mfupi. Hatakupima. Atasema tu wanaoimba juu wakae kushoto, wanaoimba chini wakae kulia, basi.

Wanaume, nendeni sauti ya tena kama mnaiweza kweli. Kwenye kwaya za abiria waimbaji wa tena huwa wachache, na utapokelewa kwa mikono miwili. Lakini usiende sauti ya tena kwa sifa halafu siku ya onyesho ukaishia kupiga kelele puani. Kina mama waliozoea kuimba soprano nyumbani wafikirie alto, hasa kama umri umesogea. Si aibu, na alto ndiyo inayoshika wimbo usianguke.

Kama umelelewa kwenye kaswida zaidi kuliko kwenye kwaya za sauti nne, kaa kwenye sauti inayobeba wimbo wenyewe, karibu na mtu mwenye sikio zuri. Nyimbo karibu zote ni za kidunia, za mapenzi, za safari, za maigizo ya muziki ya jukwaani, kwa hiyo Mwislamu na Mkristo wote wana nafasi. Ukiletwa wimbo usiokukaa moyoni, kaa kimya hapo, hakuna atakayekuandama.

Hatua ya 5: Shika sauti yako, hata kwa nota zetu

Hapa ndipo watu wa kwetu wana mtaji mkubwa kuliko wanavyojua. UMCA, misheni ya Kianglikana, iliweka kituo Masasi mwaka 1876, Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakafika Ndanda mwaka 1906, na tangu hapo kwaya za ukanda huu zimelea watu wanaoweza kushika sauti ya pili bila kinanda. Melini utapewa karatasi ya maneno tu, labda na vialama vya kupanda na kushuka. Kiongozi anapiga sauti yako mara mbili au tatu kwenye kinanda, kisha anasonga mbele. Mwenye sikio anapona.

Chukua penseli. Alama unazozijua, d r m f s l t (do, re, mi na kuendelea), ziandike juu ya maneno. Nilikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu wa huku kwetu, aliyekaa safu ya pili ya alto. Kila mstari ulipopigwa aliinamisha kichwa, akaandika "s l s m" kwa herufi ndogo juu ya silabi, akaweka kistari chini ya noti ndefu, na kwenye mazoezi ya pili alto wanne waliomzunguka walikuwa wanamchungulia karatasi. Kiongozi, Mwingereza, aliiangalia ile karatasi na hakuelewa kitu. Nota hizo zilienezwa na mwenzao John Curwen karne ya 19, lakini leo kwao wengi wamezisahau na sisi ndio tumezitunza.

Ukiruhusiwa, rekodi sauti yako kwa simu kiongozi anapoipiga. Omba ruhusa kwanza.

Hatua ya 6: Punguza, halafu punguza tena

Kosa la waimbaji wetu ni nguvu. Tumezoea kuimba chini ya mwembe, arusini, au kwenye ukumbi ambao umeme umekatika na maiki imekufa. Melini kuna zulia, dari fupi na maiki nyeti. Ukiimba kwa kifua chote, utasikika wewe peke yako. Kipimo changu ni hiki: kama humsikii vizuri aliye kushoto kwako, umezidisha.

Jambo la pili ni miisho ya maneno ya Kiingereza. Sisi tunapenda kuongeza irabu mwishoni, na hiyo irabu inachelewa kidogo kuliko wenzako. Kata neno pale kiongozi anapofunga mkono. Na herufi "s" iguse tu uiache. Watu arobaini wakiivuta, ukumbi unasikika kama tairi lililotoboka.

Hatua ya 7: Koo na tumbo

Kiyoyozi cha melini hukausha koo kuliko upepo wa kusi. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Bahari ikichafuka, kaa katikati ya meli, ghorofa za chini, huko mtikisiko ni mdogo. Kula kitu kikavu kabla ya mazoezi badala ya kwenda tumbo tupu. Nawa mikono kwa sabuni kila unapoingia kula, na usishiriki chupa ya maji na jirani yako wa sauti. Maradhi ya kuhara na kutapika husambaa haraka sana melini, na akiugua mmoja kwenye safu, sauti nzima huondoka.

Wimbo wa kwenu

Viongozi wengi wanapenda kupata kitu cha tofauti, lakini usiinue mkono siku ya kwanza. Subiri mazoezi ya pili yaishe, mfuate pembeni, mwimbie wa kuitikiana, wenye kiitikio cha mstari mmoja au miwili. Nyimbo za ngoma za Wamakonde na Wamwera zimejengwa hivyo: anayeanzisha anabadilisha maneno, kundi linarudia palepale. Wageni wanaushika kwa dakika kumi. Beti sita za Kiswahili kizito hawataziweza, na wewe utaaibika kwa niaba yao. Akikataa, mshukuru na uendelee na alto yako.

Siku ya onyesho

Kiongozi atataja rangi ya nguo, mara nyingi nyeusi chini na nyeupe juu. Kitenge juu ya nguo hizo ni sawa ukimuuliza kwanza. Fika nusu saa kabla, kwa kuwa mpangilio wa kusimama hubadilika, na aliyekuwa jirani yako kwenye mazoezi huenda akawa upande mwingine.

Onyesho likiangukia siku ya mwisho ya bahari, kumbuka kwamba usiku huohuo mabegi huwekwa nje ya mlango wa chumba ili wahudumu wayashushe bandarini. Panga mabegi baada ya kuimba, na ubaki na nguo za kushukia na dawa zako mkononi. Pasipoti usiiweke begini kabisa.