Kabla ya Kupiga Hema Ludington

Ukitaka kulala Ludington State Park, kwenye ufuo wa Ziwa Michigan huko Marekani, anza na kalenda. Nafasi za kupiga hema zinaanza kuwekwa miezi 6 kabla ya siku ya kufika, na za wikendi za Julai hazikai. Familia inayoamua Ijumaa jioni kutoka mji wa Grand Rapids ijiandae kugeuzwa getini. Gari nalo lina kibali chake, Recreation Passport, ambacho mkazi wa jimbo la Michigan anaweza kukilipia anapohuisha usajili wa gari. Hicho ni cha kuingia tu. Kulala ni hesabu nyingine.

Kuni za nyumbani usibebe. Mdudu wa kijani anayetoboa miti ya ash aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, na tangu hapo ameua mamilioni ya miti. Mabuu yake hukaa chini ya gome, hivyo gogo laweza kuonekana safi kabisa. Nunua kuni huko huko.

Kubwa kuliko yote ni maji. Aliyekulia Tanga au Mombasa huliona ziwa akalidharau, akisema yeye ni mtoto wa pwani. Lakini maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu kama ya bahari, na mawimbi ya hapa hufuatana karibu karibu. Hujamaliza kutema la kwanza, la pili limekufika. Upepo ukigeuka, maji ya juu yaliyopata joto husukumwa mbali na ya chini yakapanda, baridi ya kukata pumzi katikati ya kiangazi. Ufukweni hapana waokoaji. Kuna bendera: kijani, njano, nyekundu, na zikipepea nyekundu mbili maji yamefungwa, anayeingia anaweza kutozwa faini. Mkondo ukikuvuta usishindane nao. Lala chali, elea, tuliza pumzi, uone unakupeleka wapi, kisha ogelea kwa kufuata ufuo mpaka utoke.

Wenye watoto wadogo ningewapeleka Hamlin Lake, ziwa lililotokana na bwawa la mto Big Sable, lenye ufuo ndani ya hifadhi hiyo hiyo. Maji yake yana joto zaidi na mawimbi ni madogo. Hata huko, wavalishe jaketi okozi za kweli. Yale maboya ya kupuliza, yenye umbo la bata, ni ya kuchezea tu, na upepo huyapeleka katikati ya ziwa upesi.

Sweta ni lazima hata Julai. Ukitoka kwenye nyasi kagua kupe nyuma ya magoti, kiunoni na nyuma ya masikio ya watoto, maana wapo wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme. Chakula kifungie ndani ya gari: rakuni, mnyama mdogo wa huko, ana vidole vyepesi, na kifuniko cha sanduku la kupozea chakula hakimsumbui. Kwenda mnara wa taa wa Big Sable Point, uliowashwa 1867, ni karibu kilomita 3 kwa miguu na nyingine kama hizo kurudi, kwa hiyo beba maji ya kunywa.

Mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa 3:30 usiku, na anayengojea Magharibi apange chakula cha watoto mapema. Muda wa utulivu unaanza saa 4 usiku. Spika ya muziki ibaki kwenye buti la gari.