Anza na ndoo na sufuria, sura za watu zitafuata

Wengi wanaoanza kuchora hukimbilia uso. Mtu anafungua picha ya msanii kwenye simu, anahangaika na jicho moja tangu asubuhi, jioni jicho limetoka na kichwa kimekataa. Weka sura kando kwa mwezi mzima. Vilivyomo jikoni vinatosha.

Vifaa. Penseli ya 2B na rimu moja ya A4 ya gramu 80. Rimu ina karatasi 500, kwa hiyo ukitumia 5 kwa siku utafika siku 100. Achana na yale madaftari ya karatasi nene. Bei yake itakufanya uogope kukosea. Chonga penseli kwa wembe mpaka ncha nyeusi itokeze kama sentimita 1. Raba ifiche.

Mistari. Weka nukta mbili zilizoachana sentimita 15. Pitisha penseli hewani mara mbili tatu, kisha ishushe na uvute mara moja tu. Mkono utokee begani, na macho yatazame nukta unayoiendea. Ukikosa, usipitishe mstari mwingine juu yake, mchoro utaota manyoya. Kurasa mbili kila siku kabla ya kazi nyingine.

Kupima. Nyoosha mkono, kaza kiwiko, fumba jicho moja, pima kwa penseli upana wa ndoo unaingia mara ngapi kwenye kimo chake. Kiwiko kikilegea kidogo tu, kipimo ni cha uongo.

Mdomo wa sufuria. Hapa ndipo watu hukwama wiki nzima. Mdomo ni duara, lakini ukiutazama kwa pembeni unakuwa duaradufu, yaani duara lililobanwa. Kosa la kwanza ni kuzipa pande zake mbili ncha kali kama ngalawa. Hakuna ncha pale. Hata sehemu iliyobana kabisa bado inazunguka.

Kosa la pili ni gumu kuligundua: kitako huchorwa kwa mstari ulionyooka, eti kwa sababu meza imenyooka. Chukua glasi inayopitisha mwanga, tia maji hadi nusu, iweke mezani. Chuchumaa mpaka mdomo wake uwe mstari mmoja tu. Tazama maji: yamefunguka kidogo. Tazama kitako: kimefunguka zaidi. Duara likishuka mbali na usawa wa jicho, linafunguka. Kwa hiyo mkunjo wa kitako lazima upinde zaidi kuliko wa mdomo. Kitu kikiwa juu ya macho, kama ndoo iliyo kichwani kwa mtu aliyesimama nawe umekaa, mambo yanageuka: mikunjo inapinda kuelekea juu, na iliyo juu zaidi ndiyo iliyofunguka zaidi.

Sasa laza kikombe. Wengi huchora mdomo wake ukiwa umesimama wima, kikombe kinaonekana kimevunjika shingo. Chora kwanza mhimili, yaani mstari unaopita katikati ya kikombe toka kitako hadi mdomo. Mstari wa urefu wa duaradufu ya mdomo unaukata mhimili huo kwa nyuzi 90, kikombe kiwe kimeelekea popote. Gurudumu la bajaji nalo ni hivyohivyo, mhimili wake ni ekseli.

Sufuria zetu zina ukingo uliokunjwa, kwa hiyo unahitaji duaradufu mbili, moja ndani ya nyingine. Nafasi kati yake hailingani: pana zaidi kushoto na kulia, nyembamba kidogo upande ulio karibu nawe, nyembamba kabisa upande wa mbali. Ukiiacha sawa kote, sufuria inageuka tairi.

Kaa mita 1 na nusu hivi kutoka kwenye kitu, na usinakili picha ya simu iliyopigwa karibu; lenzi huvuta vitu vya pembeni. Kuhakiki, geuza karatasi juu chini. Upande uliopinda utajitangaza wenyewe.

Kivuli. Chora saa mbili asubuhi au saa kumi jioni. Saa sita jua la Dar liko utosini, kivuli kinajificha chini ya ndoo. Ndani ya nyumba tumia taa moja na ufunge pazia, la sivyo utapata vivuli viwili vinavyogombana. Rangi tatu tu: mwanga, kati, giza. Anza na chungu au ndoo iliyopauka, sufuria inayong'aa isubiri. Tanguliza karatasi safi chini ya kiganja. Kwa joto hili, jasho litafuta kazi yote.

Nje. Usianzie Feri, soko la samaki la Dar, hakuna anayetulia pale. Nenda kijiwe cha bajaji, omba ruhusa, uchore moja iliyopaki kwa dakika 5. Anza na magurudumu. Dereva akipata abiria, angalau hayo utakuwa nayo.